Kitako cha pikipiki ya kijeshi ya kipimo cha 1/9: kujenga barabara ya tope kuanzia ubao mtupu

Maswali ya wanaoanza kuijengea modeli ya pikipiki kitako, yaani ubao wenye mandhari ambao modeli husimama juu yake, ni yale yale: kitako kiwe na ukubwa gani, udongo wa kweli unafaa au haufai, kwa nini plasta inapasuka, na pikipiki inashikwaje isidondoke. Nimeyajibu hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Mfano ninaoutumia ni mmoja: BMW R75, pikipiki ya jeshi la Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili, yenye kigari cha pembeni, imesimama kwenye barabara ya udongo iliyonyeshewa na sasa inaanza kukauka. Ukiimudu hiyo, jangwa la Afrika Kaskazini halitakusumbua, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Barabara ya mawe nitaigusia kidogo. Theluji siigusi kabisa, ina mambo yake.

Mwenye Zündapp KS 750, pikipiki nyingine ya Kijerumani yenye kigari, atafuata hatua zote kama zilivyo. Mwenye pikipiki ya magurudumu mawili tu, kama Harley-Davidson WLA au Triumph 3HW, asome kwa makini zaidi hatua ya 5 na ya 11, maana yake haisimami yenyewe.

Gawanya kwa tisa kabla ya kushika gundi

Wengi huja kwenye pikipiki wakitokea kwenye vifaru vya 1/35, na huja na mazoea yao yote. Kule ardhi hujengwa kwa mchanga, unga wa rangi na vijani vifupi, basi. Ukiihamishia ardhi hiyo kwenye 1/9 inageuka kapeti: juu kuna chombo ambacho kila kichwa cha skrubu kinaonekana, chini kuna uwanda usio na kitu. Chembe ya mchanga ya mm 1 kwenye 1/35 ni kokoto ya sm 3.5. Kwenye 1/9 ni punje ya mm 9 tu. Mtazamaji hapigi hesabu hizo, lakini jicho lake linahisi kwamba kuna kitu hakikai sawa.

Kwa hiyo chukua kipimo cha kitu halisi, kigawanye kwa 9, andika kwenye karatasi na uibandike mbele yako. Ninavyovitumia mara kwa mara ni hivi:

- R75 na kigari chake: urefu m 2.40, upana m 1.73. Modeli inakuwa karibu sm 27 kwa sm 19.
- Tairi la R75, saizi 4.50-16: upana wa takriban mm 114, kwa hiyo alama yake kwenye tope iwe karibu mm 13.
- Mwanajeshi wa sm 175: sm 19.4.
- Unyayo wa buti wa sm 30: mm 33.
- Jiwe la kutandikia barabara, sm 10 kila upande: mm 11.
- Tofali la Kijerumani la enzi hizo, sm 25 × 12 × 6.5: mm 28 × 13 × 7.
- Nyasi zinazofika kwenye kifundo cha mguu, sm 10: mm 11.

Kama modeli yako ni ya 1/6 au 1/12, badilisha kigawanyo tu.

Vya kuandaa

Usianze huku ukitegemea kukimbilia dukani katikati ya kazi. Tope likishachanganywa halikusubiri.

- Ubao wa MDF (wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) au plaiwudi, unene mm 15 hadi 18, uliokatwa saizi (tazama hatua ya 1).
- Foamu ngumu, ile ya kuhami joto majengoni. Ile nyeupe ya vichembe vya duara hukatika vibaya na kuacha vipunje kila mahali.
- Karatasi ngumu ya plastiki ya mm 1, au plaiwudi nyembamba, kwa ajili ya kingo.
- Gundi nyeupe ya mbao, chupa kubwa. Itatumika kuliko unavyodhani.
- Supagluu kidogo, na gundi ya epoksi ya mirija miwili.
- Plasta ya kuziba nyufa za ukuta, ya unga. Ile iliyokwisha kukorogwa kwenye ndoo nayo inafaa, ila hukauka polepole.
- Udongo wa kweli uliochekechwa, mchanga mwembamba, na changarawe chache za saizi tofauti.
- Rangi za akriliki: kahawia iliyokoza, kahawia ya kati, rangi ya mchanga, nyeusi. Na rangi za unga za kahawia mbili tatu.
- Vanishi ya akriliki isiyong'aa na nyingine inayong'aa.
- Nyasi bandia za mm 6 na mm 12, na mizizi midogo iliyokauka.
- Waya wa chuma wa mm 0.5, na vipande vya waya mnene wa mm 1.5.
- Drili ndogo, kisu chenye makali, msasa, brashi za zamani, vijiti vya meno, chupa ya kupulizia maji, tepu ya karatasi, nailoni nyembamba ya kufunikia chakula.
- Barakoa ya vumbi na glavu. Barakoa ni ya wakati wa kupiga msasa MDF na plasta, na wakati wa kupaka rangi za unga. Glavu ni za epoksi. Ngozi ya mtu inaweza kuikataa moja kwa moja baada ya kuguswa mara kadhaa.

Udongo wa kweli unafaa, ndiyo. Lakini uponde, uchekeche kwa chujio la matundu madogo, kisha uukaushe kwenye oveni ya nyuzi 110 hivi kwa saa nzima, umetandazwa kwenye trei. Udongo ambao haukupitia moto huja na mayai ya wadudu na mbegu za ukungu, na utayaona matokeo yake ndani ya kabati la kioo baada ya wiki chache.

Kazi yenyewe

1. Pima na upange kwa karatasi. Weka pikipiki juu ya karatasi kubwa, chora mahali magurudumu yanapogusa na mstari wa nje wa chombo kizima. Kata kivuli hicho. Sasa kizungushe juu ya karatasi nyingine yenye saizi ya kitako unachofikiria. Kwa R75 sm 36 kwa 28 inatosha. Kwa WLA sm 31 kwa 19. Acha sm 4 hivi kila upande, zisizidi sana. Kitako kikubwa kupita kiasi humeza pikipiki, na nafasi tupu hukushawishi kujaza mapipa, mabango na kuku.

   Usiipange pikipiki sambamba na ukingo. Izungushe nyuzi 10 hadi 20, ili barabara ionekane inapita kwenye kitako na kuendelea nje ya pande zote mbili. Hili peke yake huondoa nusu ya sura ya kazi ya anayeanza. Amua pia upande wa mbele wa kitako. R75 ina kigari upande wa kulia, na kigari hicho hufunika injini ukiangalia kutoka kulia. Kama ulihangaika na injini, weka kushoto mbele. WLA nayo huegemea kushoto kwenye stendi yake ya pembeni, kwa hiyo jiulize kama unataka ilale kumwelekea mtazamaji au kumpa mgongo.

2. Ziba ubao. Paka vanishi au gundi nyeupe iliyochanganywa na maji pande zote sita, chini pia. Watu huruka upande wa chini kwa sababu hauonekani. Maji ya tope yakiingia upande mmoja wa ubao peke yake, upande huo unavimba na ubao unapinda. Ukitumia plaiwudi ya mm 6 kwa kuokoa uzito, gundisha vipande viwili vya mbao chini yake, kukingama nyuzi za mbao.

3. Jenga kimo. Barabara halisi haiko bapa: katikati imeinuka kidogo, pembeni kuna mfereji au kijituta. Bandika foamu kwa gundi nyeupe, ikandamize chini ya vitabu usiku kucha, kisha ichonge kwa kisu na msasa. Tofauti ya mm 10 hadi 15 kati ya sehemu ya juu na ya chini inatosha. Mahali pikipiki itakapokaa paache na mteremko mdogo sana au bila mteremko.

   Onyo: supagluu ya kawaida, rangi ya kupuliza ya kopo na gundi yoyote yenye kiyeyusho hula foamu. Haiungui taratibu, inatumbukia na kuacha shimo. Gundi nyeupe na akriliki ndizo salama.

   Jambo moja la kujua kuhusu chombo chenye kigari: magurudumu matatu hayayumbi kamwe, yote hugusa chini hata ardhi ikiwa mbaya. Hiyo ina maana hutaona gurudumu linaloelea, bali utaona pikipiki imelala upande mmoja kiajabu. Iweke juu ya foamu na uitazame kwa mbele, macho yakiwa usawa wa usukani, kabla ya kuendelea.

4. Zungushia ukuta. Kata vipande vya plastiki au plaiwudi nyembamba vifuate mstari wa juu wa ardhi, kisha vigundishe kuzunguka kitako. Huu ndio utakaoonekana kama ukingo msafi mwishoni, kwa hiyo pembe zikutane vizuri na mishono uizibe na kuipiga msasa sasa hivi, kabla ya tope. Ufunike kwa tepu ya karatasi upande wa nje.

5. Toboa mashimo ya kushikilia pikipiki. Sasa, si baadaye. Rudisha ile karatasi uliyochora, weka alama na utoboe mpaka chini ya ubao.

   Kwa R75: jozi mbili za mashimo, moja kila upande wa gurudumu la nyuma, nyingine kila upande wa gurudumu la kigari. Hapo ndipo waya mwembamba utakapopita. Kwa pikipiki ya magurudumu mawili ongeza jozi ya gurudumu la mbele, na shimo moja la mm 1.5 chini ya stendi. Tumbukiza kijiti cha meno kilichopakwa mafuta kidogo katika kila shimo ili tope lisilizibe.

6. Changanya tope. Kiasi cha plasta mbili, udongo uliochekechwa viwili, gundi nyeupe kimoja, na maji kidogo kidogo mpaka uji uwe mzito wa kukaa kwenye mwiko bila kumwagika. Kisha tia rangi ya kahawia iliyokoza, nyingi. Usiache mchanganyiko mweupe ukitegemea kuupaka juu: siku kitako kitakapogongwa, kipande kitabanduka na utaona doa jeupe katikati ya barabara.

   Gundi isipungue. Plasta tupu hupasuka; gundi huipa mshiko. Ukitaka nyufa za tope lililokauka, hizo zichore mwenyewe kwa sindano mahali unapozitaka.

7. Kandika, kisha pitisha tairi. Kandika safu ya mm 3 hadi 5. Pakihitaji kina zaidi, kandika mara mbili, na safu ya kwanza ikauke katikati. Weka changarawe kubwa sasa na uzisukume ndani. Jiwe lililokaa juu ya ardhi bila kuzama linaonekana limetupwa hapo jana. Kwenye eneo la mfereji changanya mizizi na majani yaliyosagika.

   Subiri tope lishike kidogo, nusu saa hadi saa nzima kutegemea joto la chumba. Likigusika bila kunata kidoleni ila bado linabonyea, ndio wakati wake. Chukua tairi la ziada, au lile la modeli kabla hujalipaka rangi, lipake poda ya mtoto lisinate, na uliviringishe kwa mkono mmoja bila kusita. Ukisita, alama za meno ya tairi zinajirudia juu ya zenyewe.

   Hapa pana makosa matatu ninayoyaona karibu kila kitako cha kwanza. La kwanza ni mistari mitatu. Pikipiki yenye kigari ikienda moja kwa moja huacha miwili: gurudumu la mbele na la nyuma hupita njia moja, la kigari njia yake. Pima nafasi kati ya mistari hiyo kwenye modeli yako, usikisie. La pili ni alama za tairi zinazoendelea mbele ya pikipiki. Bado haijafika huko! Mbele panaweza kuwa na alama za magari yaliyotangulia, na ni vizuri ziwepo, lakini ziwe za upana mwingine, zilizokwisha kukanyagwa na kufifia. La tatu ni mfereji ulionyooka kuta kama umekatwa kwa patasi. Tairi linapoingia kwenye tope, tope halizami tu, linasukumwa pembeni na kupanda. Kila upande wa alama kuna kituta chembamba chenye ncha zilizochanika, na mahali gurudumu lilipoteleza kituta hicho kinaangukia ndani na kufuta meno ya tairi. Fanya hivyo kwa ncha ya kijiti: inua hapa, angusha pale, futa kipande cha sm 2 na uache kingine safi. Ipe sehemu hii muda. Mtu akisogea kutazama R75 yako kwa karibu, macho yake yatafuata alama hizi kutoka ukingoni mpaka kwenye gurudumu la nyuma.

   Kumbuka pia kwamba gurudumu la kigari cha R75 na la KS 750 huendeshwa na injini. Likikwama linachimba, halikokotwi tu. Kwa hiyo mahali pa tope zito njia zote mbili zinaweza kuwa na dalili ya kuchimbua.

   Ongeza nyayo za buti: mtu alishuka, alizunguka, alirudi. Nyayo tano zenye maana zinatosha.

8. Kalisha pikipiki tope lingali bichi. Funga magurudumu kwa nailoni nyembamba, weka pikipiki mahali pake na uisukume chini polepole mpaka izame mm 2 hadi 3. R75 yenye kigari ilikuwa na uzito wa kilo 420 kabla ya watu watatu kupanda. Tairi linalogusa ardhi kwa juu juu humfanya mtazamaji aone plastiki nyepesi, hata kama rangi yako ni ya kiwango cha juu. Inyanyue moja kwa moja juu, usiivute pembeni. Kwa WLA, chini ya stendi bonyeza kipande cha ubao cha mm 12 kwa 25. Ndivyo dereva yeyote angefanya kwenye ardhi laini.

9. Kiache kikauke. Siku mbili, ikibidi tatu. Usikiweke juani wala karibu na hita. Juu hukauka kabla ya chini na hapo ndipo nyufa huzaliwa. Kikishakauka chomoa vile vijiti vya meno na ujaribu kupitisha waya kwenye kila shimo.

10. Rangi na majani. Fanya kazi hii kwenye mwanga wa mchana au taa ile ile itakayomulika kitako.

    Kanuni inayobeba hatua yote ni hii: tope hukauka kuanzia juu. Vituta na migongo ya ardhi huwa myepesi wa rangi, ndani ya alama za tairi huwa pamekoza na pana unyevu. Anza na kahawia iliyokoza kila mahali. Kisha kahawia ya kati kwa brashi iliyokaribia kukauka, ukipitisha juu juu. Mwisho rangi ya mchanga, kidogo sana, kwenye ncha tu. Chini ya alama za tairi chora kwa kahawia-nyeusi iliyoyeyushwa na maji mengi na uiache ijikusanye yenyewe. Mawe yape rangi tofauti na ardhi, kijivu au hudhurungi, la sivyo kazi ya kuyachagua imepotea.

    Nyasi zisipandwe kila mahali. Barabarani hakuna, katikati ya njia mbili kuna vishungi vichache vilivyokanyagwa, mfereji ndio wenye kuota. Changanya mm 6 na mm 12, na zote zipitishie rangi, maana rangi ya kiwandani ni kijani mno. Majani makavu ya thaimu yana umbo na saizi ya majani ya mti kwa kipimo hiki, ukiyapaka vanishi yasipukutike.

    Puliza vanishi isiyong'aa juu ya yote. Ikikauka, rudisha ung'avu pale tu penye unyevu: vanishi inayong'aa ndani ya alama za tairi, ikififia kuelekea juu. Kama unataka dimbwi, tumia epoksi safi yenye tone dogo la rangi ya kahawia, kina kisichozidi mm 3 kwa safu. Dimbwi la mm 3 ni sm 2.7 barabarani, panatosha.

11. Funga pikipiki. Tairi za modeli hizi ni za vinaili laini na spoki ni nyembamba, kwa hiyo gundi peke yake haiaminiki. Pinda waya wa mm 0.5 umbo la U, upitishe juu ya rimu kati ya spoki, chini ya sehemu itakayofunikwa na tope, ushushe ncha zake kwenye mashimo mawili na uzisokote chini ya ubao mpaka pikipiki ishike. Usikaze sana, rimu ya plastiki hupasuka. Tope kidogo juu ya waya, na hakuna atakayejua. Siku ukitaka kuiondoa unakata waya.

    Kwa WLA na Triumph fanya hivyo kwa magurudumu yote mawili, kisha zamisha kipande cha waya wa mm 1.5 kwa epoksi ndani ya mguu wa stendi, nacho kiingie kwenye shimo lake. Epoksi ikae upande wa stendi, isiingie kitakoni.

    Vinaili ina tabia mbaya moja: hutoa mafuta yanayolainisha plastiki ya kawaida na foamu yanapogusana kwa muda mrefu. Hakikisha kati ya tairi na foamu daima kuna safu ya tope.

12. Unganisha chombo na ardhi. Tumia mchanganyiko ule ule wa tope na rangi za unga zile zile ulizotumia chini. Pikipiki yenye tope jekundu kwenye barabara ya kijivu imetoka nchi nyingine. Fuata njia ya tope: linarushwa na gurudumu la mbele, linapiga ndani ya madigadi, chini ya injini, uso wa mbele wa silinda na buti za dereva. Sehemu ya juu ya tangi hupata vumbi, haipati tope. Silinda za R75 zimetokeza pembeni na ni za moto, kwa hiyo tope lililozirukia hukauka na kuwa jepesi wa rangi kuliko lile la kwenye fremu, lenye ncha zinazobanduka. Paka hapo rangi ya mchanga, na kwenye madigadi acha iliyokoza.

13. Kingo. Toa tepu, piga msasa laini, paka rangi moja iliyotulia, nyeusi isiyong'aa au kahawia ya mbao. Kibao cha jina kiwe kidogo. Gundisha vipande vya kitambaa kizito chini ya pembe nne, visokoto vya waya visikwaruze meza.

Kwa barabara ya mawe: ruka hatua ya 6 hadi 8, kata mawe ya mm 11 kwenye karatasi ya foamu au ya udongo wa kuchongea, ondoa mistari iliyonyooka mno, zamisha machache, na ujaze mianya kwa mchanga. Pikipiki haizami humo, kwa hiyo bapisha tairi chini kidogo kwa msasa ili lionekane limebeba uzito. Kwa jangwa punguza tope, ongeza mchanga mwembamba na changarawe, na usitumie rangi moja ya njano; jangwa lina waridi, kijivu na kahawia ndani yake.

Mambo yakienda mrama

Nyufa zimetokea. Zikiwa nyembamba, jaza gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, nyunyiza udongo mkavu, pangusa. Zikiwa pana, kandika upya juu yake. Karibu kila mara chanzo ni safu nene au gundi kidogo.

Ubao umepinda. Paka maji upande wa chini, ukaze kwa vibanio kwenye meza iliyonyooka, uache siku mbili, kisha uzibe kwa vanishi. Ikishindikana, kata kitako pembeni na ukigundishe juu ya ubao mnene zaidi.

Kuna madoa yanayong'aa ovyo. Ni gundi nyeupe iliyobaki juu. Vanishi isiyong'aa mara mbili huyafuta, au unga wa rangi juu yake vanishi ikiwa bado haijakauka.

Tairi lina mwanya chini. Usiisukume pikipiki. Changanya tope kidogo jepesi, lipeleke kwa sindano ya plastiki isiyo na ncha mpaka mwanya ujae, lainisha kwa brashi yenye maji.

Alama nyeupe zimezunguka mahali palipowekwa supagluu. Ni mvuke wake. Paka vanishi isiyong'aa juu, na safari ijayo fungua dirisha na utumie kiasi kidogo.

Dimbwi limepata weupe kama wa maziwa, au viputo. Weupe hutokana na unyevu: ardhi ya chini haikuwa imekauka. Viputo hupasuka ukipitisha pumzi ya joto juu yake ndani ya dakika chache za mwanzo. Baada ya hapo kilichobaki ni kufunika kwa majani makavu.

Rangi ya unga imeacha alama za vidole. Kishike kitako kwa kingo tu. Iliyokwisha kuharibika irudie kwa brashi laini, na uifunge kwa kupuliza kiyeyusho cha akriliki kwa mbali. Ukiipulizia vanishi nzito, vumbi lote linageuka tope, na hapo huna budi kurudia hatua ya 10 sehemu hiyo.

Vumbi la nyumbani, ambalo halina kipimo cha 1/9, liondoe kwa brashi laini na pampu ya hewa ya mkono. Kopo la hewa iliyobanwa hung'oa nyasi, na likiinamishwa hutema majimaji ya baridi yanayoacha weupe kwenye vanishi. Kifuniko cha kioo au akriliki kiwe na sm 3 juu ya usukani.